Antena ya Redio Koli Hukaguliwa Mguuni

Msimu wa watalii ukipamba moto, foleni ya Land Cruiser kwenye lango la Loduare, Ngorongoro, huonyesha karibu kila aina ya antena inayofungwa kwenye magari ya Arusha. Kuna fimbo fupi za chuma zilizosimama juu ya paa, fimbo ndefu za faiba zilizofungwa kwenye ngao ya mbele, nyingine zenye koili nene kiunoni, nyingine zimepindwa nyuma na kufungwa kamba zisipige matawi. Mnunuzi wa redio koli kwa kawaida hutazama urefu wa fimbo, kisha jina la kiwanda, kisha bei. Fundi naye hutazama mshale wa mita. Wote wanaangalia juu mno. Ubora wa antena ya gari hukaa zaidi kwenye mguu wake, pale inaposhikana na bodi, na anayejua kuukagua mguu huo anaweza kununua fimbo ya bei ya kawaida akasikika vizuri kuliko jirani yake aliyelipa mara tatu.

Sababu yake ni ya kifizikia. Gawanya 300 kwa masafa yako ya megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Redio ya CB ya madereva wa malori wa Marekani hufanya kazi kwenye megahezi 27, kwa hiyo wimbi lake lina mita 11 na fimbo ya robo wimbi inakaribia mita 2.75. Redio koli ya VHF kwenye megahezi 150 ina wimbi la mita 2, na robo yake ni sentimita 50 tu. Ndiyo maana swali la kwanza dukani si "ndefu ni ipi?" bali masafa yaliyoandikwa kwenye leseni yako ya mamlaka ya mawasiliano (TCRA) ni yapi. Lakini fimbo hiyo ya robo wimbi ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake, ambalo hupokea mkondo unaorudi. Lori lenye kichwa cha chuma lina bati hilo tayari. Gari la utalii lililokatwa paa ili wageni wasimame kupiga picha huenda halina: kifuniko cha faiba hakipitishi umeme, na cha alumini kinaweza kuwa kimekaa juu ya mpira bila kugusana na bodi. Ukifunga fimbo bora ya Ulaya juu ya kifuniko kama hicho, umenunua nusu ya antena.

Hapo mafundi wengi watapinga: kama nusu ya pili haipo, mbona mita ya SWR inasoma moja kamili? Hoja hii inastahili jibu refu, kwa sababu ndiyo inayouza antena mbovu nyingi. Mita ya SWR hupima nguvu inayorudi kwenye redio. Haipimi nguvu inayotoka hewani. Chomeka kizuizi cha ohmu 50 mahali pa antena, na mshale utasoma moja kamili huku gari lililo mbali kidogo likiwa halisikii kitu. Karibu nguvu yote imegeuka joto. Sasa fikiria fimbo ya robo wimbi isiyo na koili ya kulinganisha, imefungwa katikati ya paa zuri la chuma. Ukinzani wake ni kama ohmu 36, hivyo mita inapaswa kusoma karibu 1.4. Mguu ukishika kutu na kuongeza ohmu 14, jumla inakuwa 50, mshale unashuka hadi moja, fundi anatabasamu, na zaidi ya robo ya nguvu inaishia kupasha moto kutu. Waya mbovu hufanya ulaghai huohuo, maana humeza nguvu ikienda na ikirudi. Ndiyo, usomaji wa juu mno ni hatari kwa redio, na ukipita 2 ni lazima utafute sababu. Ila 1.4 ambayo maelezo yake yanajulikana naiamini kuliko moja isiyo na maelezo.

Kwenye masafa ya chini ya HF jambo hili huwa zito zaidi. Anayetaka kuongea na ofisi yake Arusha akiwa Seronera, Serengeti, bila kituo cha kurusha tena mawimbi njiani, hutumia masafa hayo. Kwenye megahezi 5 robo wimbi ni mita 15, urefu ambao hakuna gari linaloubeba. Fimbo ya mita 3 yenye koili hurusha kupitia ukinzani wa ohmu moja au mbili tu. Mguu wenye ohmu kumi za kutu na rangi utakula sehemu kubwa ya wati 100 za redio kabla hazijafika kwenye fimbo.

Basi piga goti uutazame mguu. Rangi chini yake iwe imekwanguliwa hadi chuma king'ae, washa yenye meno iwe imeuma chuma hicho, kisha grisi au rangi ipakwe kwa nje ili maji yasiingie. Alumini na chuma cha pua vikikutana na chuma cha kawaida penye unyevu huliana, kwa hiyo unga mweupe kandokando ya boliti ni dalili mbaya hata kama gari limetoka gereji mwezi uliopita. Kati ya kifuniko cha paa na bodi kuwe na mkanda mpana wa shaba uliosukwa, mfupi kadiri iwezekanavyo. Kwa umeme wa redio, waya mwembamba mrefu wa ethi ni kama haupo. Bawaba pekee hazitoshi. Tikisa fimbo kwa mkono huku mwenzako akitazama mita: mshale ukicheza, rudisha gari kwa fundi. Barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera, iliyojikunja kama bati, itaitikisa mara nyingi kuliko mkono wako.

Mguu wa sumaku una watetezi wake, na kwenye VHF juu ya paa la chuma wana haki: bati na sumaku hupitisha mawimbi bila kugusana. Kwenye megahezi 27 haki hiyo hupungua, na kwenye faiba au alumini hakuna mjadala, kwa sababu haushiki. Vumbi la Ngorongoro likiingia chini yake hukwaruza rangi na kuanzisha kutu.

Kuhusu fimbo yenyewe, chuma cha pua kizuri hupindwa hadi kikaribie bodi na kurudi kimenyooka. Faiba ya CB huficha waya wa shaba ndani; ufa mwembamba kwenye ganda lake ni njia ya maji, hivyo pitisha kucha kutoka chini hadi juu. Springi nzuri ina mkanda wa shaba ndani unaounganisha juu na chini; isiyo nao hupitisha mkondo kwenye mizunguko ya chuma, na sauti hukatika gari likiruka. Waya wa antena wa aina ya RG-58 wenye mita 5 hupoteza karibu asilimia 20 ya nguvu kwenye megahezi 150, kwa hiyo usikubali mita nyingine 5 zikunjwe chini ya kiti eti zitafaa baadaye.

Muuzaji atakutajia pia desibeli za antena ndefu. Antena hiyo haitengenezi nguvu. Huibana ile iliyopo ielekee upeo wa macho. Kwenye mbuga tambarare hilo ni faida halisi. Chini ya ukuta wa Ngorongoro, ambako ukingo uko mita 600 juu ya kichwa chako, robo wimbi ya kawaida inaweza kufika vizuri zaidi. Na Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500 haupenywi na desibeli za duka lolote; huko kinachohitajika ni kituo cha kurusha tena kilichowekwa mahali pazuri.

Wapo wanaosema simu imeyamaliza haya yote. Simu huita mtu mmoja, tena penye mnara. Redio koli huwaambia madereva wote kwa pamoja kwamba daraja limesombwa, na kwa kazi hiyo naona bado inastahili fimbo nzuri na mguu safi.

Kabla ya kulipa, omba kipimo cha barabarani. Fimbo ikatwe au irekebishwe gari likiwa kama litakavyosafiri: paa limefungwa, keria na tairi la akiba vikiwa mahali pake, milango imefungwa. Kisha chukua gari jingine ambalo antena yake inaaminika, ziweke redio za nguvu sawa, mwende pamoja njia ya Namanga, mpite Ngaramtoni kuelekea Oldonyo Sambu, ambako mlima huanza kuingia kati yenu na mjini. Ofisi isikilize magari yote mawili kila baada ya kilomita chache, yakiwa yamesimama mahali palepale kwa zamu. Likitangulia kupotea la kwako, usikimbilie kubadilisha fimbo. Fungua boliti ya mguu kwanza.