Man of Aran: dhoruba mingi, hali ya hewa kidogo

Wandugu wahitimu, wengi wenu mulisifu hii filme ya Robert Flaherty ya mwaka 1934. Mulisema inaonyesha namna wakulima na wavuvi wa visiwa vya Aran, magharibi ya Irlandi, wanaishi na hewa yao yenye kugeukageuka. Hapo sikubali. Inaonyesha dhoruba tu.

Kuna sehemu nzuri kabisa, niseme ukweli. Mwanaume anavunja mwamba, mwanamke anabeba majani ya bahari mgongoni, wanatafuta udongo kidogo kidogo ndani ya nyufa za mawe mpaka shamba la viazi linapatikana. Ni vile mashamba ya Aran yalitengenezwa kweli, kwa mchanga na majani ya bahari. Mwenye alilima kwenye milima yetu ya Kivu anajua uzito wa kitunga cha udongo.

Lakini sehemu kubwa inayobaki ni mawimbi, mtumbwi unapotea, mama anakimbia. Ile familia yenyewe ni ya kuundwa: Flaherty alichagua watu kwa sura zao, akawaweka nyumba moja. Kuwinda papa mkubwa kwa mkuki, kumbe kulikuwa kumekwisha zamani. Ilibidi wafundishwe upya. Na ili kamera ipate bahari yenye hasira, wanaume walipiga kasia katika maji mabaya, ndani ya mitumbwi yao ya fito na turubai ya lami. Akili ya mvuvi wa kule ni kujua siku gani ya kutoenda. Flaherty aliitoa hiyo akili, akabakisha ujasiri. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba aliwaomba mambo ya hatari mno.

Sasa chukueni kitabu cha John Millington Synge, The Aran Islands, cha mwaka 1907. Alianza kwenda kule mwaka 1898. Anaeleza jambo dogo: nyumba iko na milango miwili inayotazamana, na unafunguliwa ule upepo haupigi. Upepo ukitoka kaskazini, mlango wa kusini uko wazi, na kivuli cha mwimo kinatembea sakafuni kama mshale wa saa. Upepo ukigeuka, ule mlango unafungwa, na saa inapotea. Siku za upepo wa kaskazini bibi mwenye nyumba analeta chakula kwa wakati. Siku zingine chai ya saa kumi na mbili inafika saa tisa. Nilicheka, halafu nikasoma tena. Hakuna aliyekufa, ni chai tu imehama. Lakini upepo unageuka wakati wowote, na nyumba nzima inajipanga upya nyuma yake.

Hayo hayako ndani ya filme. Aran haina ule udongo mweusi ambao Wairlandi wanaukausha na kuuchoma kama makala. Ulikuwa unaletwa kwa mashua kutoka Connemara, na bahari ikikataa, jiko linangoja. Tena mwamba wa chokaa unameza maji, kwa hiyo wakulima wanajenga sakafu ya mawe yenye kuinama ili kukusanya mvua kwa ajili ya ng'ombe. Kwa Flaherty, maji yote ni adui. Mwenye ng'ombe naye, jua likikaa sana, anaanza kutazama mawingu kwa hamu.

Mutasema nasumbua mzee aliyekufa zamani. Lakini kamera ya namna hiyo tunaijua. Mgeni anafika Goma, anapiga picha ya Nyiragongo ikiwaka. Mama anayepima mawingu kabla ya kuanika muhogo, hamuoni. Halafu huko kwao wanatuhurumia, au wanatusifu kwa ujasiri, na hakuna anayetuuliza tunajua nini.

Niko tayari kupingwa hapa chini. Kwanza musome ule ukurasa wa milango.