Malta mwezi wa Februari: safari iliyopangwa kwa upepo

Kila jioni baada ya chakula, mke wangu aliangalia utabiri wa hali ya hewa akitafuta jambo moja tu: kesho upepo utavuma kutoka wapi. Hilo likishajulikana, ndipo tulipoamua twende upande gani wa kisiwa. Kwa utaratibu huo tulikaa Malta siku saba mwezi wa Februari, sisi wawili tunaoishi Hamburg pamoja na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na hatukupoteza hata siku moja. Safari ya kwanza, miaka miwili nyuma, tulipoteza siku tatu kati ya sita. Kisiwa ni kilekile, mwezi ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kupanga, nayo inastahili kuchambuliwa.

Kwanza, kwa nini Malta. Visiwa vingi vidogo vya Ugiriki huishi kwa watalii wa kiangazi. Ikifika Novemba hoteli na mikahawa mingi hufungwa hadi karibu na Pasaka. Malta ni nchi kamili, yenye watu zaidi ya nusu milioni kwenye kilomita za mraba 316. Wageni wakiondoka, wenyeji bado wanakwenda kazini, sokoni na kanisani. Hata hivyo miji yake haifanani. Safari ya kwanza tulivutiwa na picha za bahari tukapanga ufukweni kaskazini, tukakuta mikahawa imefungwa na barabara tupu. Ya pili tulikaa Valletta, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo kikuu cha mabasi. Nauli ya basi majira hayo ya baridi ilikuwa yuro 2, na tiketi ilitumika kwa saa mbili. Gari hatukulihitaji.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa nyumba. Mchana wa Februari joto hufika nyuzi 15 au 16, usiku hushuka hadi 9 au 10. Mtu anayetoka Hamburg akisoma takwimu hizo huona kaepuka baridi. Lakini nyumba za Malta hujengwa kwa mawe laini ya chokaa yenye rangi ya asali. Mawe hayo hunyonya unyevu, na nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto vyumba vyote, kwa hiyo mara nyingi ndani kuna baridi kuliko nje. Tangazo la nyumba yetu ya kwanza lilisema ina hita. Kweli ilikuwapo, moja, sebuleni. Chumbani shuka zilikuwa kama zimeanuliwa kabla ya kukauka, na soksi tulizofua Jumatatu zilikuwa bado mbichi Alhamisi. Mke wangu akashikwa na kikohozi, na siku mbili tukakaa ndani.

Mara ya pili, kabla ya kulipa hata senti moja, tuliwaandikia wenye nyumba wanne maswali matatu. Chumba cha kulala kina hita yake? Madirisha yanapata jua la kusini? Umeme umo ndani ya bei, au unalipwa kwa mita? Watatu walijibu kwa kuzungukazunguka, tukawaacha. Wa nne alituma picha ya kiyoyozi cha joto kilichofungwa ukutani juu ya kitanda. Hapo ndipo tulipopanga, ingawa sebule yake ilikuwa ndogo na ngazi zilikuwa nyingi.

Sasa upepo. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Kaskazi na kusi ndizo zilizoamua majahazi yaondoke lini na yarudi lini. Tofauti ni kwamba Malta upepo unaweza kugeuka ndani ya siku moja. Unaovuma mara nyingi zaidi ni majjistral, wa kaskazini-magharibi. Wa kaskazini-mashariki huitwa grigal. Huo hauji sana, ila ukija majira ya baridi unatisha, kwa sababu huingia moja kwa moja kwenye ghuba na bandari zinazotazama upande huo. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaukumbuka kwa jina la Eurakilo, tufani iliyoisukuma meli ya Paulo hadi ikavunjika Melita, kisiwa ambacho kwa mapokeo ndicho Malta. Paulo alikaa huko miezi mitatu mpaka majira ya baridi yakapita. Na tarehe 8 Machi 2017, dhoruba iliangusha lile tao la mwamba la Dwejra, kisiwani Gozo, lililokuwa fahari ya nchi nzima.

Kanuni yetu ilikuwa kujikinga nyuma ya nchi kavu. Majjistral ukivuma, tulikwenda kusini-mashariki, Marsaxlokk, bandari ya wavuvi. Grigal ukivuma, tulitembea kwenye majabali ya Dingli, upande wa kusini-magharibi, yenye kimo cha mita 250 hivi, na mashamba yake mwezi huo ni ya kijani kibichi, jambo ambalo mtalii wa Agosti halioni kabisa. Matembezi tuliyafanya asubuhi, maana jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kwenda Gozo hatukukupangia tarehe. Tulisubiri siku ya bahari tulivu, ikawa siku ya nne. Boti ndogo ya mwendo kasi kutoka Valletta huahirishwa bahari ikichafuka; kivuko kikubwa cha Ċirkewwa, kinachobeba magari na kuvuka kwa dakika 25 hivi, huhimili zaidi, nacho pia husimama dhoruba ikizidi. Ndiyo maana Gozo haiwekwi siku ya mwisho: ukikwama huko, ndege inakuacha.

Tulichokipangia tarehe mapema ni kimoja tu, Hypogeum ya Ħal Saflieni, makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Huingia watu kumi tu kwa saa, na tiketi huisha wiki nyingi kabla, hata majira ya baridi. Mvua ilipotubana tuliingia Kanisa la Mtakatifu Yohane, kuuona mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608, ule pekee aliouandika jina lake. Watalii hawaingii Jumapili.

Jumapili tulikuwa kwenye soko la Marsaxlokk. Mashua zimechorwa macho mbele, jambo lililomkumbusha mama mkwe majahazi ya Lamu. Alinunua machungwa, na muuzaji akaanza kuhesabu sarafu kwa sauti: sitta, sebgħa, tmienja, disgħa. Mama akanigeukia. "Mwanangu, huyu si anahesabu kama sisi?" Ndivyo. Kimalta kilitokana na Kiarabu, na sita, saba na tisa zetu zilitoka hukohuko. Akajaribu mwenyewe: ishirini? Muuzaji akacheka, akajibu għoxrin, akiitamka "oshrin", akamwongezea machungwa mawili.

Kwa wanaotoka nyumbani, viza ni ya Schengen, yuro 90 kwa mtu mzima. Huombwa si zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya angalau yuro 30,000. Mama aliiomba Ujerumani kwa sababu ndiko alikokaa siku nyingi zaidi, na viza hiyohiyo ikamfikisha Malta. Soketi ni za pini tatu za mraba, kama za kwetu, na magari hupita kushoto.

Ukiwa unapanga safari kama hii mwaka huu, anza kwa kumwandikia mwenye nyumba leo, umuulize kama hita iko chumbani, na usilipe mpaka akutumie picha yake.