Pongezi kwa Vijana wa Kandersteg

Kama kuna kazi ya kujitolea ninayoipongeza bila kusita, ni ya vijana wanaoendesha Kituo cha Kimataifa cha Skauti cha Kandersteg, kwenye milima ya Alps nchini Uswisi. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941, ndiye aliyetaka skauti wa dunia nzima wawe na mahali pa kudumu pa kukutana. Mwaka 1923 kituo kikaanzishwa katika jengo lililobaki baada ya kuchimbwa handaki la reli la Lötschberg, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 14.

Vijana hao hutoka nchi mbalimbali na hukaa msimu mzima. Huitwa Pinkies, kwa rangi ya waridi wanayovaa. Wageni huwaona wakiongoza safari za mlimani; mimi nawasifia zaidi wakiwa na ufagio. Kubadilishana beji na skafu hata mgeni wa siku mbili anaweza. Lakini ukipangwa zamu ya vyoo na mwenzako wa kutoka Brazili, kisha jioni mkakabidhiwa sufuria kubwa yenye ukoko, mmoja anasugua, mwingine anasuuza, hapo ndipo unapojua kwao watu hununaje na hupatanaje.

Kikwazo ni nauli na viza. Skauti wa Nyeri, jirani wa kaburi la mwanzilishi, anaweza kukwama ubalozini wakati yule wa Denmark anapanda treni tu. Hilo wakubwa wa skauti walishughulikie. Vijana wameshafanya sehemu yao.