Ndege Mweusi Kwenye Bendera: Kuisoma "Peponi" Kando ya Reli

Kuna ugonjwa kwenye hadithi zetu. Mwandishi akitaka kupamba mandhari anatuletea jua la utosini, upepo mwanana na ndege wakiimba mitini. Aya nzima imepita na hujaona kitu. Ihamishe kutoka Tanga uipeleke Tabora, hakuna atakayegundua.

Sasa chukua "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikachapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Nobel ya 2021. Mimi niliisomea Kidete, stesheni ya Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, reli waliyoijenga Wajerumani. Labda ndiyo maana kurasa za mwanzo zilininasa, maana Kawa, mji wa kubuni anakoishi Yusuf, nao uliinuka kwa sababu ya reli ya Wajerumani.

Yusuf ana miaka 12. Anapenda kwenda stesheni kutazama treni, na pale kuna bendera ya njano yenye ndege mweusi aliyekasirika. Basi, imetosha. Mtoto hajui siasa za Berlin, anajua ndege. Halafu anawaona Wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kwanza maishani mwake. Anawakodolea macho, mwanamume anamtolea meno na kukunja vidole, Yusuf anatoka nduki huku akiomba Mungu amsaidie. Neno "ukoloni" halijatajwa, ila msomaji keshaogopa.

Ujanja mkubwa zaidi uko kwa Aziz, tajiri ambaye Yusuf anamwita kama ndugu wa damu. Tunapewa kanzu yake safi, harufu ya manukato, na sarafu ya anna kumi anayomwachia mtoto kila akiondoka. Tunampenda kwa pua na kwa kiganja, kama Yusuf anavyompenda. Kumbe mtoto amewekwa rehani kwa deni la baba yake! Ukirudi nyuma, ile sarafu hutaiona tena kuwa zawadi. Maelezo mazuri yanakufanya uingie mtegoni pamoja na mhusika, kisha unabaki kujiuliza ulikuwa unatabasamu nini.

Hata hivyo nina ugomvi na kitabu hiki. Bustani ya Aziz kule pwani imechorwa hadi maji yake unayasikia. Msafara ukiingia bara, jicho linabaki kwa wafanyabiashara, na watu wa huko ni "washenzi" midomoni mwao. Gurnah anajua anachofanya, anatuonyesha dharau hiyo ilivyo. Lakini sisi wa huku bara tunaonekana tukiwa tumesimama kando ya njia, mtu mwingine akipita.

Na hilo halijaisha, jamani. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, habari kubwa ilikuwa treni: lini itapita tena, abiria wa bara watafikaje. Ni habari ya kweli, ila ni jicho la dirishani tena. Ninayemsubiri ni mwandishi wa kuanzia ndani ya nyumba, pale alama ya tope ilipokauka ukutani, atuambie ilifika usawa gani: wa kitanda, au wa kifua cha mtoto.