Neno "Picha" na Uhakiki wa Filamu Fupi za Wanafunzi

Mwalimu anayeandika chini ya kazi ya mwanafunzi kwamba "picha ni nzuri" hajamwambia kitu. Katika Kiswahili cha kila siku neno picha hubeba maana mbili: kile kinachoonekana katika kioo, na kazi yenyewe nzima, kama tusemapo "tulikwenda kutazama picha". Mwanafunzi hawezi kujua ni lipi lililosifiwa, wala ni lipi alirekebishe.

Twapendekeza maana hizo zitenganishwe. Kazi nzima iitwe filamu. Kionekanacho kiitwe picha. Sehemu itendekayo mahali pamoja kwa wakati mmoja iitwe onyesho, neno ambalo walimu wa tamthilia wamekwisha kulizoea. Na kazi ya kuchagua, kukata na kuunga iitwe uhariri. Wazo na sauti vipimwe mbali mbali. Ili kuona faida ya mgawanyo huu, tuzitazame filamu mbili mashuhuri za wanafunzi.

Ya kwanza ni Dwaj ludzie z szafą, aliyoitengeneza Roman Polanski mwaka 1958 alipokuwa akisoma katika chuo cha filamu cha Łódź, nchini Poland. Kwa muda wa robo saa hivi, watu wawili watoka baharini wamebeba kabati lenye kioo, wakataliwa kwenye tramu, mkahawani na hotelini, wapigwa, na hatimaye warejea baharini. Nguvu yake ya kwanza ni wazo: kabati moja latosha kuonyesha jinsi jamii impokeavyo mgeni. Kwa upande wa sauti, wahusika hawazungumzi. Muziki wa Krzysztof Komeda ndio ushikao nafasi ya maneno. Picha nayo ina kazi: msichana anayenyemelewa na wahuni awaona katika kioo cha kabati, akaokoka. Udhaifu uko katika uhariri. Maonyesho ya kando, kama lile la mwizi wa mfukoni na lile la mauaji, yamepachikwa ili kutuambia kwamba dunia ni katili, jambo ambalo kabati limekwisha kulisema.

Ya pili ni Electronic Labyrinth: THX 1138 4EB, ya George Lucas, iliyotengenezwa mwaka 1967 katika University of Southern California, Marekani. Mtu mmoja akimbia katika njia za chini ya ardhi huku akifuatiliwa kwa mitambo. Hapa nguzo ni sauti: maneno ya wasimamizi wa mitambo, yaliyochanganyikana na kelele, humfanya mtazamaji ahisi kufungwa kabla hajaelewa lolote. Udhaifu uko katika wazo: twamwona mtu akikimbia, lakini hatumjui kiasi cha kumwonea uchungu. Katika filamu ndefu ya mwaka 1971 iliyotokana na kazi hiyo, Lucas aliongeza kisa cha mapenzi, na mkimbizi akapata jambo la kupoteza.

Ni dhahiri kwamba dosari hizi mbili hazifanani, wala dawa yake si moja. Wa kwanza alihitaji kuambiwa apunguze, wa pili aongeze. Hukumu ya "picha ni nzuri, ila ina kasoro kidogo" ingewaacha wote wawili pale pale. Kwa hiyo walimu na watafsiri wa mitaala hawana budi kuigawa fomu ya tathmini katika mafungu manne, yaani wazo, picha, sauti na uhariri, na kila fungu liwe na sifa yake, kasoro yake, na jina la onyesho linalothibitisha.