Kumlinda Asiyesikika

Mwaka 1999 Joseph Mitola, akisomea uzamivu Stockholm, aliandika pamoja na Gerald Maguire juu ya redio tambuzi: redio inayosikiliza mawimbi yaliyoizunguka, ikaona masafa gani yako wazi, ikahamia huko, na mwenye masafa akirejea ikampisha. Wazo lenyewe laeleweka upesi. Utekelezaji ndio kazi, na kwenye setilaiti kazi hiyo inataka fundi hasa.

Kusikiliza peke yake hakutoshi. Ukipiga hodi usijibiwe, huwezi kusema nyumba haina mtu. Huenda mwenyewe amelala. Dishi la televisheni ndivyo lilivyo. Linapokea tu, halirushi chochote, kwa hiyo hakuna chombo cha kusikiliza kitakachogundua kwamba lipo. Na mawimbi linayoyapokea yametoka karibu kilomita 36,000 juu, yamefika yakiwa hafifu mno, hata jirani akirusha kidogo tu kwenye masafa yale yale anaweza kuyaharibu.

Watafiti wa Ulaya katika mradi wa CoRaSat, ulioanza 2012, walilishika jambo hili kwa subira ninayoistahi sana. Walichukua gigahezi 17.7 hadi 19.7, ambako minara ya huko hupelekeana mawasiliano, wakauliza kama dishi la intaneti linaweza kupokea humo. Hapo wa kuumia ni dishi lenyewe, basi likapewe sikio: lipime mawimbi ya mnara, na likizidiwa lipangiwe masafa mengine. Lakini kwenye gigahezi 27.5 hadi 29.5 dishi ndilo linalorusha, na wa kuumia ni mpokezi wa mnarani, aliye kimya. Huko sikio halifai kitu. Inatakiwa kanzidata: kila mnara uko wapi, antena yake imeelekea upande gani, inatumia masafa yapi. Ndipo dishi likokotolewe nguvu lisiyopaswa kuizidi. Kuuliza kwanza nani ataumia, kisha ndiyo uchague mbinu: huo kwangu ni uhandisi wa hali ya juu.

Kwetu ikweta jambo hili la kumlinda aliye kimya lina uzito wa pekee, kwa kuwa setilaiti zinazoonekana kutulia angani ziko zote juu ya mstari huo. Mtu wa Nanyuki anayetazama DStv kupitia setilaiti ya nyuzi 36 mashariki amelenga karibu utosini kabisa. Sasa setilaiti za intaneti za kampuni ya OneWeb, zilizo kilomita 1,200 juu, huzunguka kutoka ncha hadi ncha ya dunia, na kila moja huvuka ikweta takriban kila baada ya dakika 55. Ikipita katikati ya dishi hilo na setilaiti linayoielekea huku ikirusha masafa yale yale, mawimbi yake yataingia dishini moja kwa moja. Mkutano wa shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, uliofanyika Istanbul mwaka 2000 uliweka viwango vya nguvu visivyopaswa kuvukwa. OneWeb wakabuni namna ya kuvitii: setilaiti ikikaribia ikweta inainama kidogo kidogo, baadhi ya miali yake inazimwa, na mawimbi yanafika chini kwa pembe ambayo dishi halikuielekea. Ikishavuka inajiweka sawa, ikaendelea na safari.

Ninyi mnaosomea mawasiliano Nairobi, Kampala na Kisangani, mstari huu unapita kwenu au jirani yenu kabisa. Hesabu za pembe hizi zisomeni mzimudu, maana madishi yanayohitaji kulindwa yako juu ya mapaa yenu.