Kupima Dagerotipu ya Kiongozi

Dagerotipu ni bamba la shaba lililopakwa fedha na kung'arishwa hadi likawa kioo. Haina negativu, kwa hiyo kila bamba liko peke yake duniani. Njia hii ilitangazwa Paris mwaka 1839, na maktaba inayoletewa sura ya kiongozi wa miaka iliyofuata huanza kwa kulipima bamba lenyewe kabla ya kumtafuta mtu aliyemo.

Bamba hugeuzwageuzwa kwenye mwanga. Dagerotipu halisi hubadilika: penye weupe pakawa peusi, kisha sura ikarudi. Ambrotipu, ambayo ni ya kioo, na ferotipu, ambayo ni ya bati la chuma na hunaswa na sumaku, hazina tabia hiyo. Zote mbili ni za miaka ya 1850, kwa hiyo anayezileta kama picha za 1843 amejiumbua mwenyewe.

Ubora huonekana kwenye rangi za kati. Katika bamba zuri koti jeusi bado lina mikunjo, shati jeupe bado lina nyuzi, na lenzi ya kukuzia huonyesha kope. Nakala, yaani dagerotipu iliyopigwa kutoka dagerotipu nyingine, huwa na sura bapa: weusi na weupe bila ngazi kati yao. Kuna kipimo kingine. Bamba la asili kwa kawaida hugeuza kushoto kuwa kulia, na nakala huirudisha sura sawa. Vifungo vya koti la mwanamume vilivyo upande wao wa kawaida vinapaswa kumtia mnunuzi shaka.

Kutu ya bluu na hudhurungi kandokando ya bamba ni uzee wa kawaida. Mikwaruzo ya duara usoni ni msiba, kwa maana kuna mtu aliyefuta vumbi. Sura imejengwa kwa chembe za fedha na zebaki zilizokaa juu tu, na kitambaa laini kinatosha kuziondoa. Bamba lenye kutu lisiloguswa ni bora kuliko lililosuguliwa likameta.

Kufanana kwa uso ndio ushahidi dhaifu kuliko wote, ingawa wauzaji huutanguliza. Wanaume warefu wenye mashavu yaliyobonyea walikuwa wengi Illinois, alikoishi Abraham Lincoln. Dagerotipu ya Lincoln iliyoko Maktaba ya Bunge la Marekani, ya mwaka 1846 au 1847, inaaminika kwa sababu ilitoka mikononi mwa familia: mjukuu wake, Mary Lincoln Isham, aliitoa zawadi mwaka 1937. Jina la mpiga picha, Nicholas H. Shepherd wa Springfield, linategemea kumbukumbu za Gibson Harris, aliyekuwa akisomea sheria katika ofisi ya Lincoln, na maktaba hulitaja kama dhana tu. Uangalifu huo ni sehemu ya thamani ya picha.

Dagerotipu ya John Quincy Adams, iliyopigwa na Philip Haas mwaka 1843, ina mnyororo wa umiliki ulio wazi zaidi. Adams alimpa mbunge mwenzake Horace Everett, ikabaki katika ukoo huo hadi ilipouzwa kwa mnada New York mwaka 2017 kwa dola 360,500, ikaenda Jumba la Taifa la Picha za Watu Mashuhuri, Washington.

Kasha hutazamwa mwisho. Makasha yalibadilishwa ovyo, na kasha zuri la ngozi halithibitishi chochote kuhusu bamba lililomo.